Gari la Manjano Lisilovuka Mto

Ukiwauliza Wakongo wa Louisville ni nani mwenye gari la mbio linalopitwa na mabasi ya shule, hawatahitaji kufikiri. Watacheka kwanza, kisha watakutajia Zihindula. Gari lenyewe ni la manjano, la milango miwili, limeinama karibu na lami, na injini yake ikiwashwa asubuhi majirani hugeuka kitandani. Vijana wa kanisa walipoliona mara ya kwanza walilizunguka wakipiga picha. Lakini mwenyewe aliliendesha kwenda ghalani kazini na kurudi kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza, mikono yote miwili kwenye usukani, macho yakihama kutoka kioo kimoja hadi kingine.

"Bora ungenunuaka punda, Papa Josiane," mkewe Nzigire alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Jumapili moja walipopitwa na mzee wa baiskeli. "Punda haina garanti."

Zihindula hakucheka. Hiyo garanti, yaani dhamana ya kiwanda kwamba gari likiharibika litatengenezwa bure, ilikuwa imemkaa kooni tangu siku alipolinunua. Na waliomcheka hawakujua kwamba gari lile halikununuliwa kwa ajili ya Louisville hata kidogo. Lilinunuliwa kwa ajili ya mama yake, Nabintu, aliyekuwa akiishi na binti yake Clémence huko Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo. Zihindula hakuwa amemtia machoni kwa miaka saba.

Nabintu alikuwa mbebaji. Bukavu ni mji wa vilima, na magunia yanayoshushwa ziwani hayapandi mlima yenyewe. Hupanda migongoni mwa wanawake, yamefungwa kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ukanda huo ulimwachia Nabintu mfereji kichwani, na watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wakipitisha kidole humo wakidhani kila mama anao. Zihindula alimfuata nyuma akiwa mtoto, akitazama visigino vyake vikipasuka kwenye mawe. Magari yalipowapita na kuwatimulia vumbi, mama yake alisimama, akapumua, akasema: "Siku moja na miye banibebe. Lakini si polepole. Mbio, hata kitambaa itoke kichwani!" Kisha akacheka peke yake na kuendelea kupanda.

Baadaye vita viliwatoa, wakaishia kambini Tanzania. Kule kila kitu kilitaka kibali. Kwenda sokoni nje ya kambi, kibali. Kwenda kumzika ndugu, kibali, na kibali kikichelewa ndugu anazikwa bila wewe. Baba yao, Bahizire, mtu asiyejua kukaa, alitoka siku moja bila karatasi kwenda kulima kibarua katika mashamba ya jirani. Alikamatwa. Aliporudi alikuwa na kikohozi ambacho hakikupona, na kabla ya mvua za mwaka huo walikuwa wameshamzika. Tangu hapo Nabintu aliwaapisha watoto wake wote wawili: usitoke bila ruhusa, hata kama njaa inakula utumbo. Ngojea karatasi. Subira huvuta heri.

Subira ile kweli iliwavutia safari ya Amerika, lakini ikawagawa. Zihindula alikuwa ameshaoa na faili lake lilikuwa na mke na mtoto, akapelekwa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Nabintu alikuwa katika faili la Clémence, wakapelekwa Buffalo. Siku basi la kuwatoa kambini lilipowasha injini, mama akiwa ndani na mwana akiwa chini, Zihindula alipiga kelele kupitia dirishani: "Nitakuya kukubeba, Mama! Na gari inakimbia kupita zote!" Ahadi ni deni, wanasema. Wengine hulilipa, wengine hulibeba tu.

Miaka ya kwanza ilikwenda kama inavyokwendaga kwa watu wote wa ghala: zamu za usiku, mgongo, mtoto wa pili, simu za video na Buffalo siku za mapumziko. Kisha akalipata lile la manjano, jipya kabisa. Nzigire alimwambia familia ya watu wanne haiingii kwenye gari la milango miwili. Akajibu kwamba hakulinunua kwa familia ya watu wanne. Alilala kwenye sofa siku mbili kwa jibu hilo.

Kijana aliyemuuzia hakuwa na sura ya ubaya. Alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri na shati lililopigwa pasi, na alimpa Zihindula kahawa. Kisha, akimkabidhi funguo, akamweleza mambo ya dhamana.

"Hili si gari la kawaida," alisema. "Ni gari la mbio, na dhamana yake hukatika upesi. Kila kitu ufanye hapa, kwetu. Mkono mwingine ukigusa hata oili tu, dhamana imekufa. Usiende nalo mbali. Likikuharibikia nje ya jimbo hili, hakuna atakayekuhudumia. Na kumbuka, ndani mna kompyuta inayoandika kila kitu. Ulikokwenda, ulivyokimbia. Sisi tutaona."

Maneno yale yalikuwa na chembe ya ukweli na kikapu kizima cha uongo, na uongo huo ulikuwa na kazi yake: kumfanya mteja arudi pale pale kila mara kama ng'ombe kwenye chumvi. Mtu aliyezaliwa Kentucky huyasikia, akatabasamu, akaenda zake. Zihindula aliyasikia kama mtu wa kambini. Alisikia kwamba kuna mpaka, kuna ofisi inayotazama, na kwamba atakayevuka bila ruhusa atalipia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, naye alishtuka akiwa ameketi kwenye kiti cha ngozi, na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuuliza swali hata moja. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda nyumbani kwa mwendo wa jeneza.

Kwa hiyo gari lililonunuliwa ili liende Buffalo likawa halivuki hata daraja la kwenda Indiana, ambayo mtu wa Louisville huiona ng'ambo ya mto akiwa anakula mkate. Kila baada ya miezi michache Zihindula alilipeleka dukani kwao. Mara mbili aliuliza, kwa sauti ya chini, kama sasa anaweza kusafiri nalo kidogo. Mara zote mbili yule kijana alisema, "Mimi nisingefanya hivyo," akaenda kushika simu.

"Basi panda basi!" Clémence alimwambia kwenye simu. Clémence hutunza wazee majumbani mwao, na siku nzima ya kuwa mpole humwisha upole wote kabla ya jioni. "Kaka, basi za Buffalo ziko. Watu banapanda."

"Niache gari ku nyumba, nifike kwa Mama mikono mitupu?"

Neno hilo Clémence alilielewa, maana kwao jambo hilo lina uzito. Kitu kikubwa cha kwanza ambacho mtu amepata kwa jasho lake hufikishwa kwa mzazi, mzazi akiguse, akiombee, ndipo kiwe chako kweli. Kwenda kwa mzazi ukiwa umekificha nyumbani ni kama kumwambia hakimhusu. Lakini usisahau pia kwamba mtu huyu alikuwa na majivuno. Alikuwa amejiona akishuka kutoka kwenye gari lile mbele ya mama yake mara nyingi mno, hata asiweze kujiona akishuka kwenye basi na mfuko wa plastiki.

Nabintu mwenyewe hakuwahi kumlaumu. Alipoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba watu wa gari wamemwambia mwanawe asitoke Kentucky, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za zamani.

"Balikukatalia ruhusa," alisema.

"Njo vile, Mama," akajibu, yaani ndivyo hivyo. "Bado."

"Bon. Ngojea, papa. Usitoroke." Humwita papa, kama mama wengi wa Bukavu wanavyowaita wana wao wa kiume. "Baba yako alitorokaka. Uliona."

Zihindula aliona kwamba mama yake ameelewa vingine, kwamba anadhani ni mwanawe aliyezuiwa na si gari. Angeweza kumsahihisha. Lakini kuzuiwa kulionekana kuzuri zaidi kuliko kuacha mwenyewe, na akaliacha neno lilale hivyo. Huko Buffalo Nabintu akawa anawaeleza wanawake wa kanisa lake: mwanangu angekuja, ni mtoto mzuri, hawajampa karatasi.

Alimkosa mama yake kwa namna ya kimwili kabisa. Alikosa harufu ya mafuta aliyojipaka magotini. Alikosa kupitisha kidole kwenye ule mfereji wa paji la uso. Siku nyingine baada ya zamu alikaa ndani ya gari, kwenye maegesho ya jengo lao, injini imezimwa, akautazama mto kwa mbali na kukitazama kile kiti cha kulia ambacho hakumruhusu mtu akikalie na viatu vichafu. Nzigire akichungulia dirishani alimwona pale, akashusha pazia.

Kisha macho ya Nabintu yakaanza kufunga. Ni presha ya macho, walisema madaktari, na ilikuwa imekwenda mbali kabla hajaisema, maana mtu aliyebeba magunia maisha yake yote hazungumzii ukungu. Kwenye simu alianza kumsalimia mwanawe akiwa ameelekeza uso pembeni ya kamera. Zihindula alidhani ni simu. Mwezi wa nne Clémence akampigia akiwa amejifungia bafuni ili mama asisikie.

"Ananiona kama moshi," alisema. "Kama unataka akuone, kuja sasa. Usiniambie tena habari ya garanti. Nitakata simu na sitaishika tena."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Zihindula alikuwa amengoja vya kutosha. Alfajiri aliomba siku tatu kazini, akatia maji kwenye chupa, akasimama mbele ya gari. Nzigire alimletea maandazi kwenye kitambaa. Hakufanya mzaha siku hiyo. Alimwambia, "Dhamana ikufe. Mama ni mmoja."

Alipanda njia ya Cincinnati, na daraja lilipotokea mbele, lile la kumtoa Kentucky, akapunguza mwendo. Alitazama kioo kana kwamba kuna gari la polisi wa mpakani nyuma yake. Hapakuwa na mtu ila lori la kuku. Akavuka. Upande wa pili Ohio ilikuwa na barabara ile ile na majani yale yale. Akapumua, akaimba wimbo mmoja wa kanisa mpaka mwisho, na akaanza kufikiri kwamba huenda Mungu ameifumba macho ile kompyuta.

Columbus ilipoanza kuonekana, taa ya injini ikawaka.

Kwa mtu mwingine ni taa ndogo ya rangi ya chungwa. Kwa Zihindula ilikuwa sauti ya askari akisema, wewe, simama hapo. Alitoka barabara kuu, akafuata simu yake ikimwelekeza kwenye duka la karibu la magari ya aina ile, upande wa kaskazini karibu na Clintonville. Alikaa ndani ya gari muda mrefu akitunga maneno. Hakutunga malalamiko, alitunga ungamo. Alipofika kwenye meza ya huduma, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea na jina Angelika kifuani aliinua kichwa.

"Samahani," Zihindula alisema kwa Kiingereza chake cha ghalani. "Nimetoka Kentucky. Najua sikuruhusiwa."

Angelika alimngoja aendelee. Alipoona haendelei, akauliza, "Kwa hiyo gari lina shida gani?"

Akamweleza taa. Akamweleza na mengine: oili, mpaka wa jimbo, kompyuta, yule kijana. Angelika alisikiliza huku akiandika namba za gari, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulipoteza ile furaha ya dukani. Akavua miwani.

"Bwana, dhamana hii ni ya kiwanda. Si ya yule aliyekuuzia. Inafanya kazi kwetu hapa, inafanya kazi Buffalo, inafanya kazi popote kwenye duka letu nchi nzima. Oili unaweza kubadilishiwa na fundi yeyote, weka risiti tu. Ulipaswa kuambiwa usilipeleke kwenye mashindano, basi. Ni nani alikuambia usisafiri?"

"Naweza kwenda Buffalo?"

"Unaweza kwenda Alaska."

Aliuliza tena, kwa maneno mengine, akidhani hakusikia vizuri. Akajibiwa vile vile. Mafundi walikuta bomba dogo la hewa karibu na injini limelegea, wakaweka jipya, hakudaiwa kitu. Alipaswa kufurahi. Badala yake aliketi kwenye ukumbi wa kungojea, mbele ya televisheni isiyo na sauti, akahisi kama mtu aliyesimama nje ya mlango miaka yote kisha akaonyeshwa kwamba haukuwa na kufuli. Krismasi zote zile. Pasaka ile mama yake alipovaa kitenge kipya na kugeuka mbele ya simu ili amwone mgongoni, wakati bado aliweza kuchagua rangi mwenyewe. Alimchukia yule kijana wa ndevu. Lakini hasira yake haikukaa huko Louisville muda mrefu. Ilirudi na kuketi kwenye kiti chake yeye, kwa sababu mtu alimwambia neno moja na yeye akamaliza sentensi iliyobaki mwenyewe.

Alimpigia mkewe. "Balinidanganya," alisema. "Njia ilikuwa wazi."

Nzigire, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilikuambia, alisema, "Endesha polepole, uko na machozi."

Hakuendesha polepole. Baada ya Cleveland, ziwa likiwa upande wa kushoto na barabara imenyooka, alikanyaga mafuta mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu alinunue, na gari likaruka mbele kwa nguvu ambayo hakujua kwamba imelala maegeshoni kwake. Ilikuwa raha. Lazima isemwe, ilikuwa raha tupu, akapiga ukelele peke yake. Kisha akakumbuka ni kwa nani raha hiyo ilinunuliwa, akaona aibu, akapunguza.

Cheektowaga ni mitaa ya nyumba za mbao, maghala, na ndege zinazoshuka chini kiasi cha kusoma maandishi ya tumboni. Theluji chafu ilikuwa bado pembeni mwa njia. Kabla hajazima injini mlango wa nyumba ya Clémence ulishafunguliwa, na Nabintu alikuwa kwenye ngazi, ameshikwa mkono, amevaa sweta juu ya kitenge. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa kwenye simu.

"Naona manjano," alisema kwa furaha. "Clémence, naona manjano! Njo yenyewe?"

"Njo yenyewe, Mama."

Zihindula alishuka, akaja, akasimama mbele yake. Mama yake aliendelea kutazama kule kwenye rangi, akitabasamu, akimngoja. Mwanawe alikuwa ameshafika na hakuonekana.

"Mama," akasema.

Ndipo mikono ile ikageuka na kumtafuta. Ilipita kwenye mabega, masikio, ikashika mashavu. "Ndevu! Ulikuwa mtoto, sasa uko na ndevu." Zihindula alipiga magoti kwenye zege na kulia bila kujificha, na majirani wawili waliokuwa wakizoa takataka wakaingia ndani kwa heshima.

Walimwingiza kwenye gari kwa shida kwa sababu kiti ni cha chini sana, akakigusa chote, ngozi, mshono, mkanda, akakiombea kwa sauti kwa Kishi, lugha ya kwao. Kisha akasema, "Haya. Mbio." Nyuma ya uwanja wa ndege kuna njia ndefu ya maghala ambayo siku za Jumamosi haina mtu. Zihindula akaiachia injini. Nabintu alibanwa kwenye kiti, akashika kitambaa chake kwa mikono yote miwili, akacheka kicheko cha msichana, kicheko ambacho mwanawe hakuwahi kukisikia, si Bukavu wala kambini. "Tena!" alisema. Wakarudia mpaka mwisho wa njia, na mara ya tatu.

Walipotulia, akifunga kitambaa upya, aliuliza kwa utulivu kabisa: "Papa, balikupa ruhusa lini?"

Tangu Columbus alikuwa ameamua kutomdanganya tena. Akaliegesha gari kando ya ghala lililofungwa, akamweleza yote, kijana wa ndevu, mwanamke wa miwani, na kwamba karatasi aliyoingojea haikuwepo. "Hakuna mutu alinikatazaka, Mama. Njia ilikuwaka wazi siku zote. Ningekuya wakati ulikuwa ungali unaona. Ni miye."

Ndege moja ilipita juu yao, na Nabintu akangoja imalize kelele zake.

"Apana, papa," alisema. "Usiniambie vile. Kila asubuhi niliambiaka moyo: mwana wangu angekuya, balimukataza. Niliamukaka na ile neno, nililalaka na ile neno. Sasa unataka kuninyanganya?"

"Lakini, Mama, ni ukweli."

"Sema balikukataza."

Zihindula alitazama usukani. "Balinikataza, Mama."

"Njo vile," alisema Nabintu, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Sasa turudi, Clémence anapika."